"Alikuwa Anatufundisha Tu": Jibu Linalomvua Kristo Ubinadamu Wake

Mkristo yeyote aliyewahi kubishana juu ya imani yake amekutana na swali hili: "Kama Yesu ni Mungu, kule Gethsemane alikuwa anamwomba nani? Alikuwa anajiomba mwenyewe?" Na jibu limezoeleka hata linatoka mdomoni kabla swali halijaisha: "Hapana, alikuwa anatufundisha tu namna ya kuomba."

Anayejibu hivyo ana nia njema. Anaona Uungu wa Kristo unashambuliwa, naye anakimbilia kuziba pale anapodhani panavuja. Lakini lifuatilie jibu hilo hadi mwisho wake. Mtu anaanguka kifudifudi usiku, anawasihi rafiki zake watatu wakeshe naye, anasema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, anarudia ombi lile lile mara tatu. Kumbe hana huzuni, hana ombi, wala hahitaji wa kukesha naye. Yote yalikuwa somo la vitendo. Kwa lugha nyepesi, alikuwa anaigiza. Na kama aliigiza bustanini, kipi kitatuzuia kusema aliigiza na msalabani?

Wapo waliosema hivyo hivyo. Waliodai kwamba Kristo alionekana tu kuwa mtu, kwamba mwili wake ulikuwa kivuli, walikuwapo tangu siku za mwanzo kabisa za Kanisa, na Waraka wa Kwanza wa Yohana unawakabili ana kwa ana: "kila roho ikiriyo kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili yatokana na Mungu." Zingatia kipimo kilichowekwa pale. Mwandishi hakuuliza kama roho hiyo inakiri Uungu. Aliuliza habari ya mwili. Miongoni mwa makosa ya kale kabisa kuhusu Kristo, basi, ni kumwinua juu kiasi kwamba miguu yake haigusi tena ardhi.

Nami naona kosa hilo halijatutoka. Waumini wengi wa leo hawasiti kumkiri Kristo kuwa Mungu, watakunukulia Tomaso akisema "Bwana wangu na Mungu wangu!" bila kufungua kitabu. Nusu ya pili ya ukiri ndiyo inayowakwama kooni. Wanasema "Mungu kweli na mtu kweli", halafu kila aya inayomwonyesha kuwa mtu kweli wanaitafutia namna ya kuikwepa. Alichoka? Ni mwili tu. Alilia? Ni kutuonyesha huruma. Hakujua siku ya mwisho? Alijua, ila hakutaka kusema.

Hebu tuingie chomboni kwanza. Katika Injili ya Marko sura ya 4, dhoruba kuu ya upepo imetokea, mawimbi yanakipiga chombo hata kinaanza kujaa maji, na Yesu yuko wapi? "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Mathayo na Luka wanasimulia kisa hicho hicho, lakini mto wa kulalia unatajwa na Marko peke yake. Ni jambo dogo la mtu aliyekuwapo, au aliyesimuliwa na aliyekuwapo: shetri, nyuma ya chombo, na kichwa kimewekwa juu ya kitu laini. Huo ni usingizi wa mtu aliyefundisha kutwa nzima akiwa amekaa chomboni juu ya maji, akachoka, akazama kabisa hata mawimbi yasimwamshe. Wanafunzi ndio waliomwamsha, tena kwa lawama: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Kisha anaamka na kuiambia bahari, "Nyamaza, utulie." Ikanyamaza.

Myahudi aliyekua na Zaburi masikioni hakosi kushtuka hapa mara mbili. Zaburi ya 121 inasema mlinzi wa Israeli "hatasinzia wala hatalala usingizi". Zaburi ya 107 inasema Bwana ndiye anayeituliza dhoruba. Basi huyu aliye shetrini ni nani? Amelala, jambo ambalo Mungu halifanyi. Ameikemea bahari, jambo ambalo mtu haliwezi. Marko hajaribu kutupatanishia. Anatuachia swali la wanafunzi wenyewe: "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Karne nne na zaidi za mabishano, mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu), uhamisho na ngumi zilizofuata ni jitihada za kulijibu swali hilo bila kumwamsha kabla ya wakati na bila kumnyamazisha alipoamka.

Arius, kasisi wa Aleksandria, nitampita haraka, maana habari zake zinajulikana. Alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkuu kuliko viumbe vyote lakini kiumbe, na Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ukamjibu kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Huyo alipunguza upande wa juu. Ninayetaka kukaa naye ni mtu aliyesimama upande wa Nikea, aliyempinga Arius kwa nguvu zake zote, na ambaye bado alianguka: Apollinaris, askofu wa Laodikia huko Siria.

Apollinaris alijiuliza swali la akili kabisa. Dhambi inaanzia wapi ndani ya mtu? Katika akili na utashi. Mkono haujitumi wenyewe kuiba. Basi, kama Kristo angekuwa na akili ya kibinadamu yenye uamuzi wake, si angekuwa na uwezekano wa kuyumba? Akaona dawa: Neno wa Mungu alitwaa mwili na uhai wake, lakini mahali pa akili ya kibinadamu akakaa Neno mwenyewe. Kwa maneno mengine, nyumba ni ya mtu, mkaaji ni Mungu. Hesabu inakubali: Kristo ni mmoja, hana dhambi, hana mgongano ndani yake.

Ukiwauliza waumini kumi leo wakueleze Yesu alikuwa Mungu na mtu kwa namna gani, sitashangaa wengi wakikupa jibu la Apollinaris bila kumjua: mwili wa mtu, ndani yake Mungu. Linasikika kama imani sahihi. Mtaguso wa kwanza wa Konstantinopoli, mwaka 381, ulilihukumu kuwa uzushi.

Aliyelivunja kwa kauli moja ni Gregory wa Nazianzus, askofu wa zama zile zile, katika barua yake kwa kasisi Cledonius: kisichotwaliwa hakikuponywa. Angalia alivyoigeuza hoja ya Apollinaris ikamrudia mwenyewe. Unasema akili ndiyo kiti cha dhambi, kwa hiyo Kristo hakuitwaa? Basi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na haja kubwa kuliko yote ya kutwaliwa. Tabibu anayeosha vidonda vya miguu na kukiacha kichwa kinachoungua homa amemtibu nani? Adamu hakuanguka kwa mguu. Kama Mwana wa Mungu hakuwa na akili inayokua, inayojifunza, inayoweza kuogopa, basi hofu yangu na ujinga wangu vimebaki nje ya wokovu, na Waraka kwa Waebrania umesema uongo unapodai kwamba "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi".

Hapa sina budi kusimama niseme kitu kuhusu Kiswahili chetu, maana nadhani lugha inachangia kututeleza, na inaweza pia kutuokoa.

Wanateolojia wa Kiswahili husema Kristo ni "Nafsi moja". Ni neno zuri. Lakini neno hilo hilo ndilo lililo katika Zaburi ya 103, "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana", ambako maana yake ni roho ya ndani ya mtu, kiini cha uhai na hisia zake. Sasa mweleze mtu kwamba Kristo ana Nafsi moja tu, nayo ni ya kimungu. Mwenye masikio ya Zaburi atasikia nini? Atasikia kwamba Kristo hakuwa na roho ya kibinadamu. Umemfundisha Apollinaris mtupu huku ukidhani unamfundisha Kalkedonia, yaani ukiri wa mtaguso wa mwaka 451 kwamba Kristo ni Nafsi moja katika asili mbili.

Neno "asili" nalo lina kona zake. Ukimuuliza mtu asili yake, atakutajia alikotoka. Wengine huchagua "tabia", kama Biblia ya Union inaposema tumekuwa "washirika wa tabia ya Uungu" katika Waraka wa Pili wa Petro. Lakini tabia siku hizi ni mwenendo, na Kristo mwenye tabia mbili ni mtu wa kuogopwa. Na tazama wimbo ule mkuu wa Wafilipi sura ya 2. Kigiriki kinasema alijimimina, alijifanya mtupu. Union inasema "alijifanya kuwa hana utukufu". Watafsiri walikusudia kwamba alijiweka mwenyewe katika hali hiyo. Lakini kwa msomaji wa leo, "kujifanya" ni kujidai: mtu anajifanya mgonjwa, anajifanya hajui. Aya inayotangaza kwa sauti kubwa kuliko zote kwamba Mwana alishuka kweli inaweza kusomeka kwamba alizuga.

Kwa upande mwingine, sarufi yetu inatupa zawadi ambayo sidhani tumeitumia ipasavyo. Darasani tulifundishwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nafsi katika sarufi si roho, ni jibu la "nani?". Nani anasema? Nani anatenda? Hiyo iko karibu sana na maana ambayo mababa wa Kalkedonia waliihitaji. Asili inajibu "ni kitu gani?", Nafsi inajibu "ni nani?". Katika Injili ya Yohana Yesu anasema, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko." Sura ya 19, akiwa amepigiliwa msumari, anasema, "Naona kiu." Vichambue vitenzi hivyo viwili. Kiambishi cha nafsi kilichomo ni kimoja, nafsi ya kwanza umoja. Katika "naona" kimeungana tu na kiambishi cha wakati. Anayesema "niko" kabla ya Ibrahimu ndiye anayesema "naona kiu". Hakuna wawili wanaopokezana kinywa. Lakini kuwako kabla ya Ibrahimu si jambo la kibinadamu, na kiu si jambo la kimungu. Msemaji mmoja, anayoyasema yanatoka katika hali mbili ambazo hazikuchanganyika.

Aliyeupigania umoja wa msemaji huyo ni Cyril, askofu mkuu wa Aleksandria, na hakuupigania kwa upole. Hasimu wake, Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli, hakupenda Mariamu aitwe Mzazi wa Mungu. Alipendelea aitwe Mzazi wa Kristo. Alikuwa na sababu: Mungu hana mwanzo, atazaliwaje? Cyril akajibu kwamba hakuna mama anayezaa asili. Mama anazaa mtu, anazaa fulani. Ukiuliza Mariamu alimzaa nani, jibu ni Mwana wa Mungu aliyetwaa mwili, na kama sivyo, basi pale horini kulikuwa na wawili. Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ukampa Cyril ushindi. Ni kweli kwamba Cyril aliufungua kabla maaskofu wa upande wa Antiokia hawajafika, na hilo linanifanya nisite kumsifu kupita kiasi. Lakini mtu anaweza kuwa na haraka isiyopendeza na bado akawa na hoja. Paulo alikwisha kuandika kwamba watawala wa dunia hii walimsulubisha "Bwana wa utukufu". Utukufu hausulubishwi, mwenye utukufu ndiye aliyesulubishwa, katika mwili alioutwaa.

Bembea ikaenda upande wa pili. Mtawa mzee wa Konstantinopoli, Eutyches, akawa anasema kwamba kabla ya muungano zilikuwapo asili mbili, baada ya muungano moja. Waliompinga waliona mwisho wake ni ubinadamu kuyeyuka ndani ya Uungu. Mfano uliozunguka katika mabishano ya zama zile ulikuwa wa tone la asali lililoangukia bahari. Tone halijapotea, utasema. Lakini nenda kaonje. Mwaka 449 mkutano mwingine uliitishwa Efeso, ukamrudishia Eutyches heshima yake na kumvua uaskofu Flavian wa Konstantinopoli, ambaye alitendewa vibaya na kufa muda mfupi baadaye. Barua ndefu ya Papa Leo kuhusu asili mbili haikuruhusiwa hata kusomwa. Leo aliuita mkutano ule unyang'anyi, na jina likamganda.

Lililobadilisha mambo ni farasi. Mfalme Theodosius wa Pili, aliyekuwa akiulinda uamuzi wa 449, aliangushwa na farasi wake mwaka 450 akafa. Dada yake Pulcheria akaolewa na Marcian, akamfanya mfalme, na mwaka uliofuata mamia ya maaskofu wakakutana Kalkedonia, ng'ambo ya maji kutoka Konstantinopoli, katika kanisa la Mtakatifu Eufemia. Wapo wanaosoma historia hiyo na kuhitimisha kwamba fundisho lote ni zao la siasa. Siikatai siasa. Ila farasi alifungua mlango tu. Hakuandika kilichoandikwa ndani.

Kilichoandikwa Oktoba 451 kinashangaza kwa yale ambayo hakisemi. Kristo ni mmoja na yule yule, mkamilifu katika Uungu na mkamilifu katika ubinadamu. Wa asili moja na Baba kwa Uungu, na wa asili moja nasi kwa ubinadamu. Kisha asili hizo mbili zinatambulikana bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Kila neno kati ya hayo manne ni kanusho. Mababa hawakusema asili mbili zimeunganaje. Walisema zisiunganishwe vipi. Mbili za kwanza zinamzuia Eutyches, mbili za mwisho zinamzuia Nestorius, na katikati pameachwa wazi. Walijenga ua kuzunguka fumbo wakakataa kulipasua. Anayeilaumu Kalkedonia kwamba haikueleza kitu anailaumu kwa kutofanya jambo ambalo haikukusudia kulifanya.

Je, si mkanganyo tu? Asiye na mipaka akawa na mipaka. Anayejua yote akawa hajui. Naichukulia pingamizi hiyo kwa uzito, na sidhani inajibiwa kwa kusema "ni fumbo" halafu kufunga kitabu. Nionavyo, mkanganyo unazaliwa tunapoufikiria Uungu na ubinadamu kama vitu viwili vya jinsi moja vinavyogombea nafasi moja, kama maji na mafuta katika mtungi: ukiongeza hiki, kile kinamwagika. Duara haliwezi kuwa mraba kwa sababu yote mawili ni maumbo. Lakini Mungu si kitu kimoja miongoni mwa vitu. Yeye ndiye anayevipa vyote kuwako, na kuwa kwake karibu na kiumbe hakukipunguzi kiumbe. Kama ni hivyo, Uungu wa Kristo hauhitaji ubinadamu wake usogee pembeni. Hoja hii haithibitishi kwamba Neno alifanyika mwili. Inaonyesha tu kwamba anayesema haiwezekani amemfanya Mungu kuwa mdogo mno kabla ya kuanza hesabu.

Sasa turudi Gethsemane, maana mzozo wa mwisho mkubwa ulitua hapo hapo. Karne ya saba, watawala wa Konstantinopoli walitaka kuwarudisha waliokuwa wameikataa Kalkedonia, na ikapatikana njia iliyoonekana ya busara: tukubali asili mbili, lakini tuseme Kristo alikuwa na utashi mmoja tu, ule wa kimungu. Hata Papa Honorius aliiandikia kauli hiyo barua ya kuiunga mkono, na baadaye mtaguso ukamhukumu kwa jina lake. Mwaka 648 Mfalme Constans wa Pili akapiga marufuku kabisa kujadili kama utashi ni mmoja au miwili.

Mtawa Maximus hakunyamaza. Hoja yake ilikuwa ya msomaji wa Injili: Marko anaandika, "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Hiyo "nitakavyo mimi" ni ya utashi upi? Kama ni wa kimungu, basi Mwana na Baba wanavutana, na Mungu amegawanyika. Kama hakuna utashi wa kibinadamu, basi sentensi ile haina mwenyewe. Ni maneno yaliyotamkwa na hakuna aliyeyataka. Jibu lililobaki ni kwamba pale bustanini palikuwa na utashi wa kibinadamu halisi, unaokiogopa kifo kama kila kiumbe hai kinavyokiogopa, na utashi huo, kwa hiari yake, ukasema ndiyo. Wokovu wetu ulipita katika ndiyo hiyo ya kibinadamu. Adamu alikataa kama mtu. Ilipasa akubali mtu.

Kwa hoja hiyo Maximus alikatwa ulimi na mkono wa kuume, akapelekwa uhamishoni, akafa huko mwaka 662, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, mwaka 680 hadi 681, ulifundisha yale yale aliyokatiwa ulimi: utashi miwili, wa kibinadamu ukiufuata wa kimungu bila kushindana nao. Kila ninaposikia "alikuwa anatufundisha tu kuomba", namkumbuka mzee yule. Hakukatwa ulimi kwa ajili ya somo la vitendo.

Luka anaongeza kwamba hari yake ilikuwa kama matone ya damu yakidondoka nchini. Aya hiyo na inayoitangulia hazimo katika baadhi ya nakala za kale, na wataalamu wamegawanyika: wapo wanaodhani ziliongezwa, wapo wanaodhani zilifutwa na wanakili walioona haya kumwona Bwana akitetemeka. Sitaamua. Lakini kwamba dhana ya pili inaingia akilini bila shida inasema kitu kuhusu sisi.

Na ile "alijua ila hakutaka kusema"? Hapa nakiri kwamba wanaosema hivyo wana mtu mkubwa nyuma yao. Augustine aliisoma Marko 13:32, "wala Mwana, ila Baba", kwa maana kwamba Mwana haijui kwa namna ya kuidhihirisha kwetu. Lakini kabla yake Athanasius, askofu wa Aleksandria, huyo huyo aliyepigana na mafundisho ya Arius maisha yake yote, hakuona aibu kusema kwamba kutojua ni kwa mwili, yaani kwa hali ya kibinadamu, kama vile njaa na kiu. Mimi namfuata Athanasius. Luka anasema mtoto Yesu alizidi kuendelea katika hekima na kimo, na hakuna anayesema kimo kiliongezeka kwa kuigiza. Kwa nini basi hekima?

Haki inanidai niseme pia kwamba ua wa Kalkedonia haukuwaingiza wote. Wakopti, Waethiopia, Waarmenia na Wasiria wengi walibaki nje, wakishika kauli ya Cyril, "asili moja ya Mungu Neno iliyotwaa mwili". Kwa karne nyingi waliitwa wafuasi wa Eutyches, na wao wenyewe walimkana Eutyches muda wote huo. Walichomaanisha kwa "asili" kilikuwa karibu na kile wenzao walichokiita Nafsi. Na hapa historia ina kejeli yake: kauli ile Cyril aliipokea akiamini ni ya Athanasius, kumbe ilitoka katika maandishi ya Apollinaris yaliyofichwa chini ya jina la Athanasius. Mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia sahihi ukiri wa pamoja kwamba Kristo ni Mungu mkamilifu na mtu mkamilifu, bila kuchanganyika wala kutengana. Mwaka 1994 Yohane Paulo wa Pili na Mar Dinkha wa Nne wa Kanisa la Waashuru la Mashariki, ambao waliitwa Wanestoria tangu kale, wakafanya vivyo hivyo. Miaka elfu moja na mia tano, na kumbe sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa kamusi. Anayepuuza swali la "nafsi" na "asili" kwa Kiswahili na aifikirie miaka hiyo.

Niliwahi kuuliza swali moja katika darasa la Biblia la watu wazima, watu wanaoijua Injili kuliko mimi: Yesu ni mwanadamu hadi leo? Pakawa kimya. Kisha mmoja akasema alikuwa mwanadamu, sasa amerudi kuwa Mungu. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Kwao ubinadamu ulikuwa vazi la safari. Kazi ilipokwisha, akalivua.

Paulo anamwandikia Timotheo, miaka mingi baada ya kupaa, kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, "Mwanadamu Kristo Yesu". Hakuandika "aliyekuwa mwanadamu". Na jioni ile ya ufufuo, wanafunzi walipodhani wanaona roho, aliwaonyesha mikono na miguu. Bado hawakuamini. Basi akawauliza, "Mna chakula chochote hapa?" Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akakitwaa, akala mbele yao.